Umeshapiga? Neno moja na kazi zake zote huku kwetu Mbeya

Ukisikia mtu anaanza na "jana nilimpiga mwenyekiti wetu wa kijiji", usikimbilie kushtuka, subiri neno linalofuata maana habari yote iko huko mbele. Akimalizia na picha, basi walikuwa kwenye sherehe. Akimalizia na tafu, kamsaidia. Mzinga, kamuomba hela. Fiksi, kamdanganya. Swali, walikuwa kwenye mkutano wa hadhara. Chenga, ana deni lake na alipomuona kwa mbali akakata kona. Chini, hapo aidha uchaguzi umepita au mapenzi yamekufa. Na akiishia hapohapo kwenye "nilimpiga" akanyamaza, ndo ujue kuna mtu anatakiwa aende kituoni kuandika maelezo.

Hili neno piga nimekuwa nikilifuatilia muda mrefu, nikiwa kwenye daladala, sokoni Mwanjelwa, shambani kwetu Umalila, kila mahali, na kadri navyolisikiliza ndo navyozidi kulipenda na saa nyingine kuumia. Maana watu wengi wanaosifia Kiingereza huwa wanatuletea neno lao "set", kwamba kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, ililipa maana 430, na wanaleta hiyo habari kama vile sisi lugha yetu ni ya kusalimiana tu. Sawa, ni neno la ajabu, sibishi. Ila kaa pale Kabwe asubuhi dakika chache tu, fumba macho, hesabu piga zinazopita masikioni. Hata Frederick Johnson, yule aliyeandaa kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotoka 1939, alipofika kwenye piga ilibidi aweke orodha ndefu ya maneno yanayotembea nalo, na hapo ujue 1939 hapakuwa na selfi wala skrinishoti wala bodaboda.

Nianze na piga yenyewe, ile ya fimbo, maana mtu wa mjini akisikia kupiga anawaza ugomvi, wakati mimi piga ya kwanza kabisa ninayoikumbuka ni ya chakula. Kwetu maharage yakishang'olewa na kuanikwa mpaka maganda yanalia yenyewe ukiyashika, yanamwagwa kwenye turubai na watu wanashika fimbo, wawili wanakaa upande huu wawili upande ule, alafu wanapiga kwa zamu, fimbo za huku zikishuka za kule zinapanda, na lazima mdundo ushikwe maana mmoja akiwahi fimbo zinagongana hewani na mikono inakufa ganzi. Maharage yanaruka pembeni, watoto wanayakimbilia, vumbi la maganda linawasha shingoni siku nzima. Baadae mnasubiri upepo mnapepeta. Hiyo inaitwa kupiga maharage, vitabuni utakuta wameandika kupura lakini mi sijawahi kumsikia bibi yangu akisema kupura hata mara moja. Mahindi nayo yanapigwa kwenye kichanja. Na ukishuka Kyela au ukienda Mbarali kwenye mashamba ya mpunga, wasiokodi mashine wanashika mganda kwa mikono miwili na kuupiga mpaka punje zinaachia. Kwa hiyo kabla hata hatujafika kwenye simu na picha, hii piga ilishalisha watu vizazi na vizazi.

Na sio Kiswahili tu. Wanyakyusa wa Tukuyu na Kyela wanasema ukukoma, ndo kupiga hiyo, na ngoma wanaipiga kwa ukukoma hukohuko. Ndo maana ile Mbeya City ilipopanda ligi kuu msimu wa 2013/14 na kumaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, mji mzima ukivaa zambarau, kauli iliyokuwa inatoka majukwaani pale uwanja wa Sokoine ilikuwa Koma Kumwanya. Kumwanya ni juu. Yani piga juu. Wageni kutoka Dar walikuwa wanasikia "koma" wanadhani mashabiki wanawagombeza wachezaji waache kucheza, kumbe watu wanawatia moyo! Mi naona hicho kitu ni kizuri sana, kwamba watu wa huku walipotafuta neno moja la kuibeba timu yao, hawakuchukua simba wala chui, wakachukua kupiga.

Hapo Sokoine penyewe ukikaa dakika tisini unapata somo zima. Kona inapigwa, faulo inapigwa, penalti inapigwa, krosi inapigwa, kichwa kinapigwa, mtu anapigwa chenga, anapigwa tobo, anapigwa kanzu, mpira unapigwa danadana, refa anapiga filimbi. Alafu pasi. Pasi ndo inanifurahisha kuliko zote maana beki akipiga pasi ni kitu kimoja, mama akipiga pasi sare za shule Jumapili jioni ni kitu kingine, na fundi wa kibarua akikwambia leo amepiga pasi ndefu anamaanisha amekunywa chai asubuhi na hatogusa chakula mpaka usiku kwa sababu hela haipo. Sentensi ni ileile, "nimepiga pasi ndefu". Kinachotofautisha ni nani anasema, saa ngapi, na uso wake ukoje. Ukiwa na akili ya kawaida tu na ukawa umeishi na watu huwezi kuchanganya, lakini jaribu kumuelezea mgeni.

Sasa kwanini piga na sio neno lingine? Nimejaribu kuwaza hivi. Kuna piga za kifaa, yani unashika kitu na kukifanyia kazi: mswaki, deki, pasi, simu, honi, bomba, gitaa. Ukienda kwa mafundi wa samani, wale wanaotumia mbao za Sao Hill kule Mufindi, watakwambia mbao inapigwa randa, alafu msasa, alafu vanishi, na misumari inapigwa wakati hakuna kingine kwenye orodha hiyo kinachopigwa kweli zaidi ya huo msumari. Kuna piga za sauti, mluzi, kelele, makofi, chafya, vigelegele. Kuna piga za mwili, magoti, miayo, mbizi, hatua. Ukiziangalia zote kwa pamoja naona zina kitu kimoja, ni kitendo kinachofanywa kwa mkupuo, kinaanza kinaisha, unaweza kusema "tayari". Ndo maana gari haupigi, unaendesha, maana ni safari. Honi unapiga. Gia unapiga pia, muulize dereva wa lori anayepandisha mlima Kitonga. Meseji tunatuma. Na ugali ukisema umeupiga maana yake umeula, tena umeula ukashiba, hujaupika.

Kura nayo ina historia yake. Neno kura lenyewe lilitoka Kiarabu na lilikuwa la bahati nasibu, ile ya kuchagua bila kujua nani atapata, na ndo maana kwenye Biblia askari pale msalabani wanapiga kura kugawana nguo za Yesu. Hawakuwa wanachagua diwani. Baadae neno likahamia kwenye karatasi na sanduku, na piga ikahama nalo bila kulalamika. Hiyo ndo tabia yake, kitu kipya kikija piga inakipokea mlangoni. Skrinishoti ilipofika hakuna kikao kilichokaa wala mtu aliyeuliza BAKITA, lile baraza la Kiswahili, watu walipiga tu.

Pale stendi sasa. Wapiga debe wa Mbeya siku hizi hawana debe lolote, wanapiga bodi la gari kwa kiganja, "Tukuyu Kyela, Tukuyu Kyela, siti mbili siti mbili", lakini debe lenyewe lile bati la lita 20 bado lipo, liko sokoni linapima mahindi na maharage na viazi. Kwa hiyo debe limegawana kazi, jina limebaki stendi na mwili umebaki sokoni. Na kutoka stendi kupiga debe kukapanda mpaka kwenye siasa, mtu anampigia debe mgombea wake, anapigia debe bidhaa, na anayesema hivyo hana hata habari na bati.

Kuna piga moja siwezi kuiruka kwa sababu naandika kutoka Mbeya, na mtu wa Mbeya aliyekuwa na akili zake miaka ya 2000 ataniuliza mbona nimeikwepa. Wapiga nondo. Hawa walikuwa watu, sio msemo. Walikuwa wanavizia wanaorudi usiku, wanampiga mtu chuma kichwani kutokea nyuma, wanachukua simu na vihela vyake wanamuacha hapo barabarani. Wengine walikufa, wengine walipona lakini hawakurudi kuwa walewale. Mji ulikuwa unalala mapema. Mama alikuwa akisikia mtu wa familia bado yuko nje baada ya giza anatoka anasimama mlangoni na kanga begani, anaingia, anatoka tena, mpaka amuone. Mpaka leo kuna wazee wakitembea usiku kofia haitoki kichwani, ni mazoea ya kipindi kile.

Alafu miaka ikaenda. Na sasa hivi watoto wa sekondari hapahapa mjini wanasema mwalimu fulani anapiga nondo, wakimaanisha anafundisha vitu vizito vinavyokaa kichwani, au jamaa anajifungia kupiga nondo za mtihani. Ile kupiga msuli, yani kusoma kwa nguvu, ya kaka zetu waliosoma Mlimani, chuo kikuu cha Dar, nayo ipo ipo, ila nondo imeshika. Mara ya kwanza kuisikia nilisimama kabisa. Nikataka kumwambia yule mtoto unajua hilo neno lilikuwa linafanya nini kwenye huu mji? Lakini nikaacha, na mpaka leo nafurahi niliacha, maana ni afadhali neno lile limeishia darasani, watoto wa mji uleule wamelichukua chuma kilekile wakakifanya kuwa elimu, bila hata kujua.

Nirudi kwenye kitu ambacho ndo hasa kimenifanya niandike hii yote.

Nimesema mwanzo kwamba piga inabebwa na mwenzake, bila picha, bila simu, bila pasi, haujui kitu. Lakini kuna wakati yule mwenzake anaachwa na watu wanaelewana vizuri tu. Mfano rahisi ni "nipigie". Hakuna anayesema nipigie simu siku hizi, labda mtu wa ofisini, sisi wote ni nipigie, ntakupigia, ulinipigia? Simu imeachwa kwa sababu imeshakuwa kila mahali, haina haja ya kutajwa.

Sasa nenda Umalila msimu wa viazi. Nampigia baba mkubwa jioni, tunaongea hivi:

"Shikamoo ba'mkubwa."

"Marahaba. Huko mjini mvua imeanza?"

"Tangu jana, haikatiki."

"Huku nako wingu limekaa tu. Umeshapiga?"

Hilo swali linatosha. Haulizi nimepiga nini. Anaulizia kashamba kangu kadogo kalikopakana na kake, na piga hapo ni bomba, dawa ya ukungu. Kwa wasiolima viazi niwaeleze kidogo maana hii sio habari ndogo. Ukungu wa viazi unapenda kile ambacho milima yetu inacho kwa wingi, baridi na unyevu, wingu likilala shambani siku mbili tatu unaanza kuona madoa meusi meusi yenye majimaji kwenye ncha za majani, asubuhi ukigeuza jani chini unakuta kama unga mweupe, na ukichelewa siku chache shamba zima linakuwa kama limemwagiwa maji ya moto na linatoa harufu ambayo ukiinusa mara moja hausahau. Ni ugonjwa uleule ulioleta njaa kubwa Ireland kuanzia 1845. Dawa nyingi tunazotumia, zile za mankozebu, zinakinga haziponyi, kwa hiyo lazima upige kabla, na upige mpaka chini ya majani, na mvua ikikuoshea unarudia. Mtu anabeba bomba la lita 16 mgongoni, mkono mmoja anapampu mwingine anashika mrija, anapanda mlima na kushuka, maji yanapatikana bondeni huko. Wengi hawana hata barakoa, wanafunga kitambaa tu puani, na hilo linaniumiza, kifua cha mtu kinabeba sumu msimu baada ya msimu.

Kwa hiyo "umeshapiga?" kwa baba mkubwa imebeba hayo yote. Mvua, wingu, hela ya dawa, mgongo, hofu ya kuamka na kukuta shamba jeusi. Na majirani wote wanaelewa kwa sababu wote wanalala na hofu ileile. Hapo ndo nikaanza kuona kwamba neno linaloachwa baada ya piga linakuonyesha watu wanaishi na nini. Bwenini wiki ya mtihani ukiulizwa umepiga ni kitabu. Kwa wapiga picha wa harusi ni picha. Kwa fundi rangi ni mkono wa pili wa rangi. Kila kundi linaacha lile ambalo wote wanalo vichwani tayari.

Geuza sasa upande wa pili, wa kupigwa. Ukipiga wewe mara nyingi ni kazi au furaha, ukipigwa ni balaa. Unapigwa na jua, unapigwa na baridi la mwezi wa sita, viazi vinapigwa na barafu kule Makete, mtu anapigwa na radi, anapigwa na butwaa. Na kuna kundi lingine la kupigwa ambalo linatoka mezani kwa wakubwa: faini, stopu, mnada, marufuku. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na kwa hilo mi nilishangilia, mitaro ya Mwanjelwa ilipumua. Lakini kesi ya shamba kupigwa kalenda kila ukifika, au kuzungushwa kwenye ofisi ukipigwa danadana kutoka dirisha hili kwenda lile, njoo kesho, muhusika hayupo, hapo unahisi kabisa neno limerudi kwenye fimbo yake ya asili, ila safari hii wewe ndo maharage.

Na kupigwa kubaya kuliko zote ni kule ambako hakuna neno linalofuata. Tumepigwa. Umepigwa. Wamepiga.

Zamani kidogo nilikuwa nasikia zaidi "kupiga dili", na miaka ile ya mwanzo ya Magufuli ilikuwa wapiga dili, wapiga dili, kila hotuba. Dili ilikuwa bado inatajwa. Taratibu ikadondoka, zikabaki mpigaji, wapigaji, upigaji. Saivi kila mwaka ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikiwekwa hadharani, mwezi wa nne hivi, unakuta watu wameandika neno moja tu, "wamepiga", hamna anayeuliza wamepiga nini, simu? picha? Mkulima wa Isyonje anaelewa, mwalimu wa Iringa anaelewa, mtoto wa darasa la sita anaelewa. Kama ilivyo kwa baba mkubwa na bomba lake, neno limeachwa kwa sababu wote tunalo kichwani. Na hapo ndo ninapoumia. Kwamba wizi wa mali ya umma tumeuzoea kwa kiwango kilekile tulichoizoea simu.

Huku kwetu kupigwa kwenyewe kuna umbo kabisa, unaweza kuliona kwa macho. Linaitwa lumbesa. Gunia la viazi linajazwa mpaka mdomoni, alafu linaongezewa kofia ya wavu juu, viazi vinapangwa kwa ustadi mpaka gunia linakuwa na kichwa na mabega, wanashona kwa kamba. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na hata mtoto akiliangalia lile gunia anajua hapo kilo 100 zilishapitwa kitambo. Lakini mnunuzi analipa gunia moja. Mwaka mmoja sisi tuliuza hivyohivyo, dalali alikuja wakati barabara inaharibika na mvua, akasema bei ni hii na ujazo ni huu, mkikataa naenda kijiji cha mbele, na viazi vikishachimbwa vimelala nje huwezi kubishana sana na mtu mwenye gari. Mama mdogo alikaa anaangalia vijana wanavyopanga ile kofia ya juu, debe baada ya debe, akasema "mwee, tunapigwa tunaona". Hakuongeza kitu. Na mimi nimekaa na hiyo sentensi miaka yote hii, maana imekaa sawasawa, kupigwa unaona, mchana kweupe, na wewe ndo umeshikilia mdomo wa gunia.

Ndo maana napata shida mtu akimsifia mwizi kwamba "jamaa kapiga hela". Yule mama wa Uyole anayeuza mboga tangu alfajiri naye mwezi huu kapiga hela, kauza vizuri, na ni sifa halali kabisa. Tukitumia sentensi hiyohiyo kwa aliyekula pesa ya zahanati tunamvalisha nguo ya yule mama. Mi nikiwa kwenye mazungumzo nimejiwekea, kwa mama naweka piga, kwa yule mwingine nasema kaiba. Watu wengine wananiambia nakuza mambo, lugha inaenda yenyewe. Inaenda kweli, lakini inaenda na sisi, kila mtu ana mdomo wake.

Nisiwaache na hao wapigaji tu maana kuna piga moja ambayo naipenda kuliko zote na sijui kama imeshatendewa haki. Kujipiga. Kuna kujipiga kifua, hiyo ni ya wenye majigambo. Kuna kujipiga risasi, na Wahehe mpaka leo wanaielezea ile ya chifu wao Mkwawa kule Mlambalasi mwaka 1898 kwa heshima, kwamba alikataa kushikwa na Wajerumani. Alafu kuna kujipigapiga. Hii ni ya kwetu sisi wote wa hali ya chini. Unamuuliza mtu ada ya mtoto umepataje, anakwambia "nimejipigapiga". Unamuuliza bati za nyumba, "nimejipigapiga hivyohivyo". Mzazi anamwambia mwanae anayesubiri kwenda chuo, "usiogope, tutajipigapiga."

Hapo nako hakuna neno linalofuata, na hakuna anayeuliza umejipigapiga na nini, maana jibu ni vitu vyote kwa mpigo: kuku wawili waliouzwa Jumamosi, debe la maharage lililokuwa la mbegu, kibarua cha kupakia viazi kwenye fuso la mtu mwingine, shilingi kadhaa za kikoba, na deni kwa shangazi ambalo shangazi mwenyewe alishasema nirudishie ukipata.